Kuingiza farasi kijana kwenye iventingi kama wewe si pro

Watu wengi wanaopanda farasi wikendi huku Karen na Langata wakisikia class ya farasi vijana ya iventingi, yale mashindano ya sehemu tatu, dresaji (miondoko iliyopangwa uwanjani), showjampingi (kuruka fito) na kroskantri (kuruka vizuizi vya nje kama magogo na maji), wanajitoa mapema, wanasema hiyo ni ya mapro na wenye pesa za kufuga, na mimi naona wanajinyima kitu poa sana, juu hii ndiyo class jaji anaangalia farasi kwanza na wewe kazi yako ni kumwacha aonekane. Unahitaji farasi ametulia, ako na afya, na mikono isiyomvuruga.

Elewa kwanza venye inapimwa. Iventingi ya kawaida ni hesabu ya makosa: kwa showjampingi fito ikianguka ni 4, kwa kroskantri farasi akikataa kizuizi mara ya kwanza ni 20, na ukipitisha muda uliowekwa makosa ya muda yanaongezwa juu. Lakini class za miaka 4 na 5, zile ziko Uingereza na Marekani, zinaenda tofauti, kuna dresaji fupi, halafu unaruka vizuizi vya fito na kuendelea moja kwa moja kwa vichache vya kroskantri ukimaliza na galopu (mbio ya kasi kamili), na kwa kawaida kuna sehemu ya kukagua umbo, farasi anasimamishwa mbele ya majaji wanaangalia miguu, kwato, mgongo, kisha anatembezwa na kukimbizwa troti (mwendo wa kati, kati ya kutembea na kukimbia) akiwa ameshikwa hatamu. Wanataka kujua kama huyu akikomaa atakuwa farasi wa iventingi kweli. Kwa hivyo fito moja ikianguka sababu alikuwa anashangaa bango, haijaharibika, lakini yule anayepita safi huku amekaza mgongo na kichwa kiko juu hewani, majaji wanaona hiyo kasoro. Na usijipee presha ya umri, world championship ya farasi vijana kule Le Lion d'Angers, Ufaransa, ni ya miaka 6 na 7, wako wa miaka 4 bado ana njia ndefu.

Hapa kwetu anza na ratiba ya show. Hakikisha uanachama wako na usajili wa farasi kwa Horse Association of Kenya uko sawa, angalia tarehe ya kufunga entri, na uulize umri wa farasi unahesabiwa kuanzia tarehe gani. Kama show haina class ya umri, ingia ile ya urefu wa chini kabisa na umpande vilevile, na uambie koch wako akupimie kwa zile alama za farasi vijana. Faida kwa farasi ni ileile.

Sasa farasi mwenyewe. Wengi wetu amateur tunanunua wale wametoka mbio pale Ngong Racecourse, bei iko chini na moyo wanao, lakini ujue huyo mnyama amefundishwa kwamba ukishika hatamu kwa nguvu anaegemea lijamu na kuongeza kasi, so ukimvuta akikimbia unamwambia akimbie zaidi. Mpe muda wa kupumzika, halafu rudi kwa mwanzo kabisa: kutembea, kusimama, kugeuka pande zote mbili, troti polepole kwa duara kubwa. Mwite daktari wa meno ya farasi kabla hujaanza kulaumu tabia, juu mpaka karibu miaka 5 bado anabadilisha meno ya mbele, na mdomo unaouma utakupa kichwa kinachorushwa kila saa. Mifupa pia haijakomaa, ile ya mgongo ndiyo huchelewa kushinda yote. Ndio maana mimi sipendi kabisa kuona mtu anamrusha farasi wa miaka 4 vizuizi virefu kila siku ati anamzoesha. Kuruka kidogo, mara chache kwa wiki, na siku zingine mtoe nje ya uwanja apande vilima na kukanyaga ardhi tofauti.

Kitu kinachoamua siku ya show ni kama ameshazoea kutoka nyumbani. Farasi kijana akifika uwanja wa show wa Jamhuri mara ya kwanza ni kama mtoto wa PP1 umemshusha Gikomba Jumamosi, spika, mahema, watoto, farasi wengine wanaita. Kwa hivyo kabla ya kulipa entri yoyote mpeleke mahali pengine bila kushindana, omba stebo (mahali pa kufugia farasi) ya jirani muende na farasi mmoja mzee aliyetulia, mfundishe kuingia kwa lori na kushuka bila haraka, mpitishe kwa maji, mtaro mdogo, gogo, mteremko, vyote vikiwa vidogo kiasi kwamba anaweza kuvuka hata akitembea. Akivuka vyote kimya bila kukuvuta, hapo sasa jaza fom.

Afya usiicheze. African horse sickness, ugonjwa hatari wa virusi wa farasi, iko hapa, inaletwa na vijidudu vidogo vinavyouma kuanzia jioni mpaka alfajiri na vinazidi baada ya mvua nyingi, na pundamilia, ambao tunao Nairobi National Park hapo karibu, wanabeba virusi bila kuugua. Chanja kwa wakati, ingiza farasi ndani kabla giza, na baada ya chanjo mpe kazi nyepesi vile daktari atakuambia, so usipange show karibu na chanjo. Kupe pia wanaleta homa. Mwambie saisi (mtunza farasi) apime joto kila asubuhi na aandike, kawaida ni kama nyuzi 37.5 mpaka 38.5, ikipanda juu ya hapo show imeisha, mpigie daktari. Na huyo saisi msikize, yeye ndiye anaona farasi akila na akilala.

Siku yenyewe ondoka mapema uepuke jam ya Ngong Road, ufike farasi apate nusu saa ya kutembea tu aangalie mahali. Nywele za shingo zisukwe, kwato safi, viatu vikaguliwe na fundi siku kadhaa kabla, si jana yake. Wewe helmeti ya kiwango kinachokubalika na vesti ya kukinga mwili. Kwa kumsimamisha jaji aone miguu yote minne, fanyeni mazoezi nyumbani na saisi mpaka farasi aone ni kawaida. Kwa dresaji panda kwa utulivu, kona kubwa, usilazimishe shingo ipinde. Kwa kuruka shika mwendo mmoja, angalia mbele, na akisita mbele ya kizuizi mbane kwa miguu na umhimize kwa sauti, usimchape kwa hasira. Galopu ya mwisho mwachie, anyooshe hatua mwenyewe.

Ukimaliza mtembeze mpaka apoe, maji, nyasi, halafu chukua karatasi ya jaji usome maoni kabla ya kuangalia nafasi. Kama wameandika amekaza au ana wasiwasi, rudi kwa zile safari za kutembelea stebo za watu na uache show inayofuata ipite. Kama wameandika anajiamini lakini hana nguvu ya nyuma, hiyo ni kazi ya vilima na muda, unaweza kujaza entri nyingine ya urefu uleule.