Kumalizia jumba la sanaa la shule: ya kufanya kabla hujasaini makabidhiano

Jengo likishaezekwa na rangi ikapigwa, shule nzima inaona kazi imeisha, mkuu ashatangaza tarehe ya uzinduzi, wazazi wanaulizia kadi, na mkandarasi naye anataka asainiwe aondoke zake. Hapo ndo pa kukaza. Darasa unaweza kulipokea kwa macho, ila jumba la maigizo, ngoma na muziki lazima ulisikie na ulikanyage likiwa linafanya kazi mbele yako, ndo usaini.

Anza na sauti maana ndo ghali zaidi kurekebisha baadaye. Simama katikati ya steji, piga kofi moja kali, nyamaza. Ukisikia mlio unarukaruka trrrr, ujue kuna kuta mbili tupu zinatazamana na sauti inagonga huku na kule, weka paneli za kunyonya au kuvunja sauti kwenye ukuta mmoja tu na mara nyingi inatosha. Ila kama mlio unaning'inia hewani hautaki kufa, hapo ukumbi mzima una shida. Maigizo na hotuba yanataka mlio ufe ndani ya kama sekunde 1, kwaya na ala zinapenda zaidi, 1.5 mpaka 2 hivi. Shule nyingi zinatumia ukumbi huohuo kwa vyote, kwahiyo mi nashauri mapazia mazito ya kuvuta kando ya kuta, unayafunga siku ya maigizo unayafungua siku ya kwaya.

Na hesabu yake hata mwalimu wa fizikia hapo shuleni anaiweza. Wallace Sabine, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilikuwa linasikika kwa sekunde 5 na nusu, akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku usiku, anaipanga, anapima muda, anaongeza tena. Alichopata kinatumika mpaka leo: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya unyonyaji kwa mita za mraba (eneo la kila ukuta, sakafu na dari, mara sehemu ya sauti inayonyonywa pale), unapata sekunde za mlio. Mfano ukumbi wa mita za ujazo 2,000 wenye mlio wa sekunde 1.6 una unyonyaji wa kama 201, ili ushuke mpaka sekunde 1 unatakiwa 322, pengo ni 121. Paneli zako zikiwa zinanyonya asilimia 80 utahitaji kama mita za mraba 150. Sasa unajua cha kuagiza, na yule muuzaji anayekuletea vipande vichache vya mapambo utamrudisha kwa heshima. Kumbuka watu nao wananyonya sauti, hivyo ukumbi mtupu utalia zaidi ya ukumbi uliojaa.

Halafu washa viyoyozi na feni zote, mweke mwanafunzi mmoja stejini aongee kwa sauti ya chini bila maiki, wewe kaa mstari wa nyuma kabisa. Usipomsikia kwa sababu ya mngurumo wa hewa, hiyo ni kasoro ya mkandarasi, iandike. Ukiwa hukohuko nyuma kaa viti vya pembeni, na viti vya nyuma ya nguzo kama zipo, mweke mtoto mfupi nyuma ya mtu mzima, muulize anaona miguu ya mchezaji au anaona kichwa tu.

Milango ya dharura hii naomba msiifanyie mzaha. Jumba la maonyesho la Iroquois pale Chicago lilikuwa halijamaliza hata miezi miwili tangu lifunguliwe, likatangazwa kabisa kuwa haliungui, moto ukatokea tarehe 30 Desemba 1903 wakafa watu zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto, milango mingine ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia, mingine imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani umati ukaibana. Kwahiyo pita mlango mmoja mmoja, usukume kwa nyonga kama mtu aliyebeba mtoto, ufunguke kwa nje bila ufunguo. Zima umeme mkuu usiku uone taa za dharura zinawaka kweli. Mapazia ya steji dai cheti kwamba yamewekewa dawa ya kuzuia moto, na waite watu wa zimamoto wakague kabla hata mwanafunzi mmoja hajaingia.

Vyuma vya kuning'iniza taa juu ya steji lazima viwe na maandishi ya uzito vinavyobeba, na kila taa iwe na kamba ya pili ya chuma ya usalama. Bila maandishi hakuna kitu kinapandishwa, basi.

Sakafu ya steji isiwe mbao zilizolazwa moja kwa moja juu ya zege, wacheza ngoma wataumia magoti na mifupa ya miguu, inatakiwa iwe na mpira au fremu chini ili inese. Na mtoto wa kiti cha magurudumu afike stejini na chumba cha kubadilishia nguo, sio aishie kwenye viti vya watazamaji. Rampu mteremko wake 1 kwa 12, yaani ikipanda mita 1 iwe imeenda mbele mita 12, upime kwa futi kamba mwenyewe.

Umeme wa spika na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) uwe laini tofauti na wa taa za steji, la sivyo spika zitakuwa zinavuma kila taa zikififishwa. Vifaa na piano visiingie mpaka vumbi liishe kabisa, na piano ikiingia ikae wiki kama mbili izoee hewa ya humo kabla ya kutuniwa, yaani kuwekwa sawa sauti zake.

Kabla ya uzinduzi fanyeni igizo dogo na wanafunzi peke yao, mikisa aishike mwalimu wenu sio fundi. Kila kilichogoma kiingie kwenye orodha ya kasoro, chenye chumba, tarehe na jina la wa kurekebisha. Dai michoro ya jengo jinsi lilivyojengwa, dhamana, funguo zote. Ile asilimia ya malipo mnayoibakiza, mara nyingi 5, msiiachie kabla muda wa uangalizi, ule ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, haujaisha, na mwezi mmoja kabla ya huo muda kuisha rudieni ukaguzi mzima, kofi, milango, taa, yote, maana baada ya hapo kila ukarabati ni wa kwenu.