Jinsi ya kuchora ngome ya Kirumi mchangani Shela maji yakitoka

Kama una watoto nyumbani likizo hii ama unafundisha historia, hii nimeifanya mara kadhaa pale Shela na inafunza kuliko picha ya kwenye simu. Tunachora Housesteads, mojawapo ya ngome za Ukuta wa Hadrian kule kaskazini mwa Uingereza, ukuta wa kilomita 117 hivi ulioanza kujengwa mwaka 122. Nimeichagua hii manake misingi yake bado inaonekana vizuri, na ukishaielewa basi ngome zingine za Kirumi unazisoma bila taabu, nyingi zilifuata mpango mmoja.

Nenda siku za bamvua, kwenye saa nne asubuhi maji yako mbali na mchanga umeshikana. Ule mkavu wa matutani usihangaike nao. Beba kamba ya usumba, fito nne tano, ndoo, vifuu na kipande cha ubao.

Sasa sikiza, usianze na kuta. Sisi tulianza nazo mara ya kwanza, tukamaliza boma zuri kabisa alafu majengo ya ndani yakakataa kuenea, tukafuta yote. Wapimaji wa Kirumi walianzia ndani, pale njia zinapokutana mbele ya jengo la makao makuu, na wewe chomeka ufito wa kwanza hapo hapo. Hatua moja iwe mita 10. Kutoka kwa ufito hesabu hatua 7 kwenda matlai, 12 kwenda magharibi, alafu tano na nusu kuelekea kibla (kwetu kibla ni kaskazini, hiyo inasaidia sana) na tano na nusu kusini. Utapata boma la hatua 19 kwa 11, manake ngome yenyewe ni kama mita 186 kwa 112. Pembe ikiwa mraba ama si mraba utajua kwa kamba, funga mafundo ya dhiraa 3, 4 na 5 uitandaze pembe tatu, ile pembe inayotazamana na upande wa 5 ndiyo mraba. Ncha za boma zizungushe kidogo, Warumi walizifanya za mviringo.

Malango ni manne, moja kila upande, na ukuta wa kaskazini wa ngome ndio Ukuta wa Hadrian wenyewe kwa hivo uendeleze mstari huo mbali pande zote mbili. Watoto wa Lamu hapa hushangaa, wamezoea Ngome yetu iliyomalizika 1821 ambayo ni jengo moja lenye ua katikati, na hii ni mtaa mzima wenye njia zake.

Makao makuu yaweke katikati yatazame matlai. Kusini yake nyumba ya kamanda, nyuma yake hospitali, kaskazini yake maghala mawili ya nafaka, na hapa usiharakishe. Sakafu ya ghala iliinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe ili upepo upite chini na nafaka isioze, wazo lile lile la uchaga. Panga vifuu sita, laza ubao juu, mwambie mtoto alale kifudifudi apulize kutoka upande mmoja na mwenzake aweke kiganja upande wa pili. Akishausikia upepo ule hatakuuliza tena nguzo ni za nini.

Pande za matlai na magharibi zijaze mabweni marefu, yalitosha askari 800 hivi, kwa kawaida watu 8 chumba kimoja.

Choo ndio cha mwisho na wengi wanakisahau. Kiko pembe ya kusini mashariki manake ngome imekaa kwenye mteremko na hapo ndio chini kabisa, maji ya mvua yalikusanywa kwenye matangi yakakisafisha. Ukiweza inamisha mchanga wako kuelekea pembe hiyo, chimba mfereji kwa kidole, mwaga ndoo juu upande wa kaskazini magharibi na muyafuate maji mpaka yatoke nje. Ni vile vile mifereji ya vichochoroni mwetu inavyoshuka baharini.

Nje ya lango la kusini acha nafasi, kulikuwa na kijiji cha wafanyabiashara na familia, watoto wajenge kwa makombe wapendavyo. Alafu panda tutani upige picha kabla maji hayajaanza kujaa.