Ekstensheni ya jenereta: funga waya wa 2.5

Juzi umeme ulipokatika, friji ilikuwa inavuma sekunde chache kisha inakata. Kumbe jenereta ni nzima, ubaya ni waya mwembamba wa ekstensheni. Ukitengeneza yako, nunua kebo laini ya nyaya tatu za shaba, milimita za mraba 2.5, na plagi na soketi za ampia 13. Mita 20 za waya wa 0.75 zikibeba ampia 10 hupoteza karibu volti 10 njiani, na zote zinageuka joto, wa 2.5 hupoteza kama volti 3 tu. Ndani ya plagi sokota nyuzi zote, usiache hata mmoja nje, kaza skrubu, na kibanio kishike ganda la nje la kebo, si nyaya zenyewe. Ikunjue kebo yote kabla ya kuwasha, maana ikiviringishwa hupata moto hata ikiwa nene. Ukifika mita 50, hata kwa huo wa 2.5 pampu ya maji inaweza kuwaka kwa shida. Na tafadhali, usifunge plagi pande zote mbili ili uchomeke kwenye soketi ya ukutani: meno yake yanabaki wazi yakiwa na umeme, yanaua.