Lenzi za kulala nazo: zinafanya nini jichoni na uzivaeje salama

Kwa wale wasioona mbali, kuna hizi lenzi ngumu unazivaa ukienda kulala, asubuhi unazitoa na mchana unatembea bila miwani. Hazitibu jamani. Usiku zinabonyeza taratibu ngozi ya juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, katikati panakuwa bapa na pembeni panajaa kidogo, basi mwanga unafika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kuishia mbele yake. Ni badiliko la maikroni chache tu ila linatosha kusoma kibao cha daladala ya Mbagala ikiwa bado mbali, na ukiacha kuvaa konea inarudi ilivyokuwa ndani ya siku kadhaa au wiki chache. Kwa watoto zinapunguza pia kasi ya jicho kurefuka, yaani tatizo la kutoona mbali lisizidi haraka, na mi hapo ndo naona faida yake kubwa.

Usinunue mtandaoni. Lazima upimwe kwa mashine inayochora ramani ya konea, kwa hiyo anza na kliniki ya macho, Muhimbili au CCBRT pale Msasani, uulize nani anazipima.

Sasa maji. Maji yasiguse lenzi wala kikasha chake, yawe ya bomba la DAWASA, ya kisima, ya chupa, hata yaliyochemshwa, maana kwenye maji ya kawaida na haya masimtanki yetu kuna kijidudu kinaitwa akantamiba, kikiingia kwenye konea matibabu ni miezi na unaweza kupofuka, na wewe unalala na lenzi jicho limefumba usiku kucha. Nawa kwa sabuni, kausha mikono kabisa, sugua lenzi kwa dawa yake ya lenzi ngumu. Kikasha kimwage, kianike kifudifudi, badilisha kila miezi 3, na usikiache bafuni.

Asubuhi lenzi ikiganda jichoni usiing'oe, weka matone ya kulainisha, pepesa macho mpaka uione inacheza ndo utoe. Ukilala feni isikupulize usoni, lenzi isije ikakauka.

Wiki ya kwanza jioni uoni unashuka, na usiku taa za magari zinaweza kuonekana zina duara la mwanga, so usiendeshe mpaka uoni utulie.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, toa lenzi na uende hospitali siku hiyohiyo ukiwa nazo pamoja na kikasha wapime, usipitie duka la dawa kununua matone, yenye steroidi ndo yanaharibu zaidi.