Somo: Kuchagua mashine za betri za kukatia majani nyumbani badala ya za petroli

Mvua za masika zikishika, majani ya hapa Tanga huota kwa kasi ambayo kwanja na mikono miwili havifui dafu mbele yake, na ndiyo maana kila mwaka ifikapo Machi majirani zangu wa Raskazone huniuliza swali lile lile: wanunue mashine ya petroli kama ile ya kijana anayekodishwa mtaani, au hizi za betri ambazo sasa zimejaa madukani? Kwa nyumba ya kuishi ambayo kiwanja chake hakizidi mita 20 kwa 30, jibu langu ni betri, kwa sharti moja tu: mnunuzi aanze kuchagua betri, ndipo achague mashine. Wengi wetu hufanya kinyume, na hapo ndipo fedha hupotea.

Sababu zangu ni mbili. Mashine nyingi za petroli za kufyekea zina injini ya mipigo miwili, ambayo huunguza oili pamoja na petroli, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Wa kwanza kuuvuta moshi huo ni yule aliyeishika mashine. Nchini Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 inayotaka injini ndogo mpya za mashine za bustani, kuanzia zile za mwaka 2024, zisitoe moshi kabisa. Mamlaka ya hewa ya jimbo hilo ilikokotoa kwamba kutumia kwa saa moja mashine ya petroli inayofagia majani makavu kwa upepo huchafua hewa sawasawa na kuendesha gari dogo kwa takriban kilomita 1,770. Sababu ya pili ni ya kwetu zaidi. Mtu wa nyumbani hukata majani mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua, kisha mashine hulala kiangazi kizima, na petroli iliyobaki ndani hukauka na kuacha utandu unaoziba kabureta. Ya kwangu niliipeleka kwa fundi miaka mitatu mfululizo, kila masika yalipoanza, kwa ugonjwa huo huo mmoja.

Hatua ya kwanza: pima kazi uliyo nayo

Toa eneo la nyumba, la kisima, la banda la kuku na la njia ya gari, kisha upime kwa hatua za miguu eneo linaloota majani. Angalia pia ni majani ya namna gani. Ukoka unaokatwa kila baada ya wiki mbili ni kazi nyepesi. Magugu yaliyofika magotini ni kazi nyingine kabisa. Ikiwa una uzio wa michongoma, andika urefu wake, kwa kuwa utahitaji mashine ya kupunguzia matawi, na mashine hiyo itatumia betri ile ile.

Hatua ya pili: soma betri, usisome tangazo

Hapa naomba tukae kidogo. Nguvu iliyohifadhiwa ndani ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa, na jawabu huitwa wati-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Mashine ya kufyekea ikivuta wati 400, betri ya kwanza itadumu kwa dakika 13 hivi na ya pili kwa dakika 27, na majani yakiwa mazito au mabichi sana muda huo hupungua. Kwa hiyo anayeuliza kama mashine ina nguvu aulize pia itadumu na nguvu hiyo kwa muda gani.

Volti 20 na volti 18 mara nyingi ni kitu kimoja. Betri zote mbili huwa na seli, yaani vibetri vidogo vya ndani, tano tano zilizounganishwa kwa mfululizo. Mtengenezaji mmoja huandika volti za seli zilizojaa, mwingine huandika volti za wastani za wakati wa kazi. Hilo si udanganyifu. Udanganyifu ni ule wa betri nyepesi zilizobandikwa namba kubwa kama 88 au 198 pamoja na herufi zinazofanana na alama ya volti. Kinga yake ni rahisi: geuza chaja usome inatoa volti ngapi. Seli ya lithiamu ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo chaja inayotoa volti 21 inachaji seli tano za mfululizo, hata kama ganda la betri limeandikwa mamia. Kisha pima uzito mkononi. Seli moja ya aina iliyozoeleka, yenye umbo la kidole gumba, ina uzito wa gramu 45 hivi, na betri ya kweli ya volti 18 yenye ampea-saa 5 kwa kawaida ina safu mbili au zaidi za seli tano tano, yaani seli kumi au zaidi, na seli hizo peke yake zinakaribia nusu kilo. Mimi nilinunua ya namba kubwa bila kugeuza chaja, na haikumaliza hata upande wa mbele wa nyumba.

Ukishapata betri ya kweli, uliza mtengenezaji wake ana mashine ngapi zinazoipokea betri hiyo, na kama betri peke yake inauzwa hapa mjini. Mashine isiyo na betri ya akiba ya kununua ni ya kuiogopa, hata ikiwa ya bei nafuu kiasi gani.

Hatua ya tatu: chaja na umeme wa nyumbani

Umeme wetu ni wa volti 230. Chaja iliyoandikwa volti 120 peke yake, au volti 100 kama nyingi zinazotoka Japani, ikichomekwa moja kwa moja itaungua. Gharama ya kuchaji isikutie hofu: uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ni wati-saa 1,000, kwa hiyo, hata ukihesabu kinachopotea njiani, inajaza betri ya wati-saa 90 takriban mara tisa. Kinachotusumbua sisi ni umeme kupanda na kushuka, hivyo pitisha chaja kwenye kifaa kile kile kinacholinda friji.

Hatua ya nne: mashine yenyewe

Chagua mota isiyotumia kaboni, yaani vile vipande vinavyosuguana ndani ya mota ili kupitisha umeme, kwa kuwa haina kaboni za kuisha na hutumia betri kwa uangalifu zaidi. Hakikisha kichwa chake kinapokea uzi wa nailoni unaopatikana kwenye maduka ya kawaida. Ishike, simama nayo dakika mbili, usikilize mgongo.

Hatua ya tano: matunzo katika joto na chumvi

Adui mkubwa wa betri ya lithiamu ni joto. Ukimaliza kazi, iache ipoe kivulini kwa nusu saa kabla ya kuichaji, na usiiweke kwenye stoo ya mabati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kiangazi kikiingia, ihifadhi ikiwa imejaa nusu, ndani ya nyumba. Sisi tulio karibu na bahari tufute vyuma vya betri na vya mashine kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, kwani hewa ya chumvi hushambulia sehemu hizo kwanza. Mashine isioshwe kwa mpira wa maji.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pongwe: Shikamoo mzee wangu. Nina nusu eka, na majani yamenifika kiunoni. Je, betri itaweza?

Marahaba, mwanangu. Nusu eka ni takriban mita za mraba 2,000, na majani ya kiunoni hayakatwi kwa uzi wa nailoni. Kodisha mashine ya petroli yenye kisu kwa safari hii moja, usafishe chote. Baada ya hapo, eneo linalozunguka nyumba litunze kwa betri kila wiki mbili, yasipate nafasi ya kurefuka tena.

Mwanachama wa Chumbageni: Fundi ameniambia kuna kipande cha kuunganisha betri ya kampuni moja kwenye mashine ya nyingine. Je, ni salama?

Sikushauri, ndugu yangu. Betri na mashine nyingi hupeana taarifa za joto na za kiasi cha umeme kinachovutwa, na kipande hicho kinaweza kukata mawasiliano hayo. Betri ikishuka kupita kiasi au ikipata joto kali, hakutakuwa na cha kuizuia.

Mwanachama wa Sahare: Nina watoto wadogo. Je, mashine hizi zina hatari kuliko za petroli?

Zina hatari ya namna yake, dada yangu. Mashine ya petroli hunguruma hata ikiwa haikati, na mtoto huiogopa. Ya betri hukaa kimya ikiwa tayari kuzunguka. Chomoa betri kila unapoiweka chini, hata ukienda kunywa maji tu, na betri iweke juu ya kabati.

Mwanachama wa Ngamiani: Betri yangu imevimba na haichaji. Niitupe shimoni pamoja na takataka?

Hapana, tafadhali. Mashimo yetu ya takataka tunayachoma moto, na betri ya lithiamu ikiingia motoni hulipuka. Usiitoboe wala usiifungue. Funika vyuma vyake kwa tepu ya umeme, iweke ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba na mbali na makuti, kisha uwaulize waliokuuzia kama wanapokea zilizokufa. Wakikataa, iache humo humo ndooni hadi upate anayekusanya vifaa chakavu vya umeme, na umweleze waziwazi kwamba imevimba.