Makasi ya bati na kidole gumba

Nakata bati Kamukunji, Nairobi, mwaka wa 17 sasa, za majiko hasa. Miaka miwili iliyopita nilishindwa kufungua thamosi ya chai. Uchungu ulikuwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Jirani akanikanda kwa mafuta moto, pakafura zaidi.

Jipime: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi polepole kuelekea kidole cha mwisho. Ukiruka kwa uchungu hapo kwenye mzizi wa gumba, huenda ni zile kano mbili, nyuzi zinazovuta gumba, zinazokwaruzana ndani ya ala, yaani mfuko unaozifunika. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina la Mswisi Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Vidole vikifa ganzi usiku, hayo ni mengine; muulize daktari.

Haya, kazini. Wengi wetu hulaza bati chini na kuinama, kifundo kikapinda kuelekea kidole cha mwisho huku gumba limebana. Kila ukibana hivyo, kano zinavutwa kwenye kona. Basi inua bati lifike karibu na kiwiko, mkono na makasi viwe mstari mmoja. Ukifika kwenye mviringo, zungusha bati, kiganja kikae palepale. Lisukume bati hadi karibu na nati ya makasi. Anayekata kwa ncha anatumia nguvu maradufu. Na usiyafunge hadi mwisho, ncha huacha meno kwenye ukingo.

Bati nene silikati kwa kubana. Mkono mmoja wa makasi naufunga kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, ule mwingine naukandamiza kwa uzito wa mwili. Vijana hunicheka. Wacheke.

Makasi butu yapitishie tupa, nati uitilie tone la mafuta. Vipini vyembamba vizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli.

Kama tayari unaumwa, bandeji ya kifundo peke yake ni bure: tafuta kishikizo kinacholizuia gumba pia. Mimi nilikivaa wiki sita. Kisiposaidia, daktari anaweza kuchoma sindano ya dawa ndani ya ala yenyewe.

Halafu kuna kufua. Kukamua jinzi kulinirudishia uchungu wote kwa Jumapili moja. Siku hizi naanika zikichuruzika, na mama wa ghorofa ya chini hanisalimii.