Grisi haizuii maji: kuchagua oringi na kilainishi cha kasha la kamera ya chini ya maji

Wafugaji wa sato kwenye vizimba huku Mwanza siku hizi wanakagua nyavu kwa kamera ndogo iliyofungiwa kwenye kasha, badala ya kumzamisha mtu kila wiki. Swali ninaloulizwa sana ni "fundi, nipake grisi gani?" Hapo tumeanzia mkiani. Maji yanazuiwa na oringi, yaani pete ya mpira iliyobanwa kati ya mfuniko na kasha. Grisi inaisaidia tu iteleze, ikae sawasawa na isijikunje. Kwa hiyo kwanza ujue mpira wako, grisi itafuata.

Hatua ya 1: Tambua mpira

Oringi nyeusi za kawaida, zile unazozipata hata kwenye maduka ya spea, mara nyingi ni mpira wa nitrili. Ni ngumu kiasi, haichaniki ovyo, inastahimili mafuta, ila jua na gesi ya ozoni huipasua. Silikoni ni laini, inabonyea kirahisi, na mlango wa kasha hufungika nayo bila nguvu nyingi; ubaya wake inachanika upesi ikiguswa na ncha kali. EPDM nayo huwa nyeusi, inavumilia maji na jua vizuri sana, lakini mafuta ya petroli ni adui yake. Viton ni ya gharama. Kwa maji baridi ya ziwa sioni sababu ya kuinunua.

Rangi isikudanganye. Bluu, njano au nyekundu mara nyingi huwa silikoni, lakini kila kiwanda kina utaratibu wake, na nitrili na EPDM huwezi kuzitenganisha kwa macho. Soma kijitabu cha kasha.

Hatua ya 2: Chagua grisi inayoelewana na mpira huo

Nitrili na EPDM: grisi ya silikoni. Oringi ya silikoni: tumia tyubu ya grisi ya mtengenezaji wa kasha lako tu, kwa sababu grisi ya silikoni ya kawaida inaweza kupenya kwenye mpira wa jamii yake na kuuvimbisha. Mafuta ya mgando nitrili itayavumilia, lakini EPDM na silikoni zitavimba. Grisi ya gari, mafuta ya kula na dawa za kupuliza achana nazo kabisa. Baadhi zina viyeyushi vinavyopasua hata plastiki ya kasha.

Ukiwa na shaka, chukua oringi kuukuu ya aina ileile, ikate vipande viwili vilivyolingana. Kimoja kizamishe kwenye grisi unayotaka kuitumia, kingine kiache kikavu. Baada ya siku mbili tatu kipanguse, uvilaze sambamba mezani. Kilichopakwa kikiwa kinene au kirefu kuliko mwenzake, grisi hiyo mrudishie mwenye duka.

Hatua ya 3: Safisha, kisha paka kidogo

Usiitoe oringi kwa pini wala kisu. Ibane kwa vidole viwili kutoka pande zote, itajiinua kama kitanzi kidogo, hapo ishike. Ioshe kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, usitumie petroli wala tina. Mfereji wake upanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mchanga wa mawe ya huku una punje ngumu, na ukifanyia kazi karibu na mialo utakuta hata gamba la dagaa limejibanza mle ndani.

Kwa oringi ya mlango, grisi ya ukubwa wa punje ya mchele inatosha. Ipitishe oringi katikati ya vidole taratibu. Kidole kitahisi punje au mkato ambao jicho halikuuona. Inatakiwa ing'ae tu. Ukiona grisi nyeupe imerundikana, umezidisha, na itakusanya mchanga wote wa mtumbwini.

Hatua ya 4: Jaribu kasha likiwa tupu

Funga kasha lenye karatasi ya tishu badala ya kamera, lizamishe kwenye beseni, kisha lishushe kwa kamba kizimbani. Usidharau kina kifupi. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban bar 1, na shinikizo hilo ndilo hukandamiza mfuniko juu ya oringi. Kwenye mita 3 unapata bar 0.3 tu, kwa hiyo oringi iliyokaa upande inaweza kuvujisha hapo hapo juu.

Fungia kasha kivulini. Hewa iliyopata joto juani ikizama majini hupoa, na kioo hupata ukungu ambao wengi huudhania ni uvujaji.

Hatua ya 5: Baada ya kazi

Suuza kasha likiwa bado limefungwa, likauke, ndipo ufungue. Oringi iliyobaki bapa upande mmoja, au yenye nyufa ndogo ukiikunja, ibadilishe. Za akiba ziweke kwenye mfuko wake, gizani, mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni.